Shilingi Arobaini Kwenye Mkebe wa Kimbo

Masomo: Kutoka 16:13-36, Malaki 1:6-9, Marko 12:41-44



Ukirudi nyumbani kutoka ibadani leo, kabla chakula hakijaandaliwa, utafute ule mkebe. Nyumba nyingi za Kenya zinao. Pengine ni mkebe wa Kimbo, pengine ni soksi iliyofungwa fundo na kusukumwa nyuma ya sanduku la nguo. Umwage kitandani. Utakuta peni na ndururu zenye tundu katikati, za enzi ya mkoloni. Utakuta thumuni ya Mzee Kenyatta na shilingi tano ya Moi yenye pembe saba. Na nikibahatisha vizuri, utakuta pia sarafu moja au mbili kubwa za rangi mbili, zenye sura ya Mwai Kibaki upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Hiyo ni shilingi arobaini. Ilitolewa mwaka wa 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru.

Hiyo ndiyo nataka tuizungumzie leo. Najua kuna wasomaji watakaosema mchungaji amekosa la kuhubiri. Vumilieni kidogo.

Jaribu kuitumia. Panda matatu ambayo nauli yake ni shilingi arobaini kamili, umpe makanga sarafu hiyo. Ataigeuza mara mbili, acheke, amwonyeshe dereva. Vijana wengi wanaokusanya nauli siku hizi walikuwa wachanga ilipotoka, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Atakuuliza kama ni ya Uganda. (Waganda nao wana yao, ya shilingi 1,000, waliyoitoa 2012 walipoadhimisha miaka 50 ya uhuru.) Mama mboga ataikataa kwa upole zaidi. Atakuuliza, "Hii nitaipeleka wapi, mama?" Swali lake ni la haki, maana anajua kwamba anayemuuzia nyanya kwa jumla kule sokoni ataikataa vilevile.

Na bado sarafu hiyo ni pesa halali. Benki Kuu ya Kenya ilipozindua sarafu mpya Desemba 2018, zile zenye twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini, ilisema kwamba za zamani zitaendelea kutumika sambamba nazo. Sarafu haifi kwa sababu makanga ameicheka. Pesa ya Kenya huondolewa kwa tangazo rasmi, na tangazo la kuiondoa arobaini halijatolewa. Thamani yake ni shilingi arobaini, si pungufu.

Basi kwa nini hatuioni? Jibu ni jepesi na halipendezi sana: tuliificha wenyewe. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka hali ilivyokuwa. Kibaki aliapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002 akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya barabarani, na umati ulikuwa mkubwa hata miti ya bustani ile ilijaa watu. Siku chache baadaye shule za msingi zikafunguliwa bila karo, watoto wakafurika madarasani hadi wengine wakaketi sakafuni. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu. Katika furaha hiyo ndipo sarafu ya arobaini ilipoingia mikononi mwetu. Kila aliyeipata alisema, hii sitaitumia, hii naiweka. Mamia kwa maelfu tukasema hivyo hivyo siku moja. Ikatoweka sokoni kabla mwenye duka hajaizoea.

Ilitengenezwa ipite mkononi mwa mvuvi wa Homa Bay na mchuna majani chai wa Kericho, ili kila anayenunua chumvi akumbushwe miaka 40 ya taifa lake. Sasa iko gizani pamoja na vifungo vya shati na betri zilizokufa, na haimkumbushi mtu yeyote jambo lolote.

Tusome Kutoka sura ya 16.

Waisraeli wamo jangwani na njaa inawauma. Mungu anawapa mana, nao wanaokota kila asubuhi kiasi cha pishi moja kwa kila mtu. Musa anawaambia wasibakize chochote hadi kesho yake. Wapo waliobakiza. Kulipokucha chakula kile kilikuwa kimeingia mabuu na kutoa uvundo, na Musa akawakasirikia. Kisa hiki tunakijua tangu shule ya Jumapili. Sehemu ambayo hatuisomi sana ni mwisho wa sura, kuanzia mstari wa 32. Hapo Mungu mwenyewe anaagiza pishi moja ya mana iwekwe ndani ya chombo na kuhifadhiwa vizazi na vizazi, ili watoto ambao hawakuwa jangwani waone chakula ambacho baba zao walilishwa. Haruni anaiweka. Mana ile haikuingia mabuu. Mwandishi wa Waebrania anaitaja kati ya vitu vilivyokuwa ndani ya sanduku la agano. Kisha mstari wa 35 unasema waliila mana muda gani: miaka 40.

Chakula ni kile kile, kimetoka mbinguni ile ile. Kilichobakizwa kwa hofu kilioza. Kilichowekwa kwa kumbukumbu kilidumu. Tena angalia vipimo. Kumbukumbu ilipewa pishi moja tu kwa taifa zima. Nyingine zote, za miaka yote 40, ziliingia matumboni mwa watu wenye njaa.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wahubiri wanaosema Mkristo hapaswi kuweka sarafu za kale nyumbani, eti ni kuhifadhi sura ya Kaisari. Kumbukumbu si dhambi. Yoshua alisimamisha mawe 12 kutoka Yordani. Hata yule mwanamke wa Luka 15 aliyewasha taa na kufagia nyumba akitafuta drakma yake moja, wapo wafafanuzi wanaodhani zile drakma zake 10 zilikuwa pambo la ndoa alilolivaa kichwani. Hilo haliwezi kuthibitishwa. Ila kama ndivyo, basi alikuwa akitafuta kumbukumbu pamoja na pesa, na Bwana Yesu hakumkemea kwa hilo.

Ni kweli watawala wamezitumia sarafu za kumbukumbu kwa ubaya. Yerusalemu ilipoanguka mwaka wa 70, Kaisari Vespasiano alitoa sarafu za dhahabu, fedha na shaba zenye picha ya mwanamke ameketi chini ya mtende akilia, na maandishi ya Kilatini yanayosema Yudea imetekwa. Hebu fikiria Myahudi aliyepoteza watoto katika vita vile. Anakwenda sokoni kununua mafuta, anarudishiwa chenji, na kwenye chenji hiyo mko picha ya msiba wake mwenyewe. Miaka 60 hivi baadaye, katika uasi wa Bar Kokhba, Wayahudi walizichukua sarafu za Roma, wakazigonga upya juu ya sura ya Kaisari, wakaweka picha ya hekalu ambalo halikuwapo tena. Nadhani hakuna mahali pengine katika historia ambapo kubadilisha sarafu ya zamani kulibeba uchungu wa namna hiyo.

Sisi tulibadilisha kwa njia ya amani. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu za Kenya. Ndipo wakaja twiga na simba. Kwa hiyo hiyo arobaini iliyo kwenye mkebe ni moja ya sarafu za mwisho zilizotolewa zikiwa na sura ya kiongozi aliyekuwa madarakani. Ina hadithi. Weka moja. Umwonyeshe mjukuu, umweleze Uhuru Park ilikuwaje, umweleze uliketi wapi ulipoisikia redio. Sarafu iliyokaa mkebeni miaka 20 bila mtoto yeyote kusimuliwa habari zake haijawekwa kwa kumbukumbu.

Hizo nyingine je, nane au tisa zilizo chini ya mkebe, zinangoja nini?

Hapa naomba niseme waziwazi, maana ndipo watu wetu wanapoumia. Kuna uvumi unaozunguka kwenye simu kwamba sarafu ya arobaini inanunuliwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Kibaki alipofariki Aprili 2022 watu walianza kuikumbuka tena, na uvumi ukapata mafuta. Tangazo huja na picha ya sarafu, namba ya simu na maneno matamu kuhusu mzungu anayekusanya.

Mjane mmoja ninayemfahamu, mama wa kanisa, mtu wa sala ya alfajiri, alionyeshwa tangazo hilo na kijana wa jirani. Yeye alikuwa nazo tisa. Akapiga simu. Akajibiwa kwa Kiswahili kizuri, akaitwa mama, akaombewa hata baraka. Akaambiwa kila sarafu ni Sh300,000. Mnaweza kupiga hesabu kama alivyopiga yeye usiku kucha: karo ya mjukuu aliyerudishwa nyumbani, bati za jikoni, deni la marehemu mumewe. Kilichohitajika ni ada ya usajili tu, Sh1,500. Akauza majogoo mawili, akatuma. Siku ya pili ikahitajika ada ya cheti, Sh2,000. Hizo alikopa kwenye chama cha akina mama. Siku ya tatu simu haikupatikana, na mpaka leo haipatikani.

Alipokuja kunieleza hakulia. Alichonieleza kwa uchungu ni kwamba sasa akina mama wa chama wanamtazama vingine. Deni la Sh2,000 analilipa kidogo kidogo kwa mayai. Sarafu zake tisa bado anazo, na hawezi kuziangalia.

Matapeli wale wana hukumu yao na sitaipunguza. Lakini waliukuta mlango umeachwa wazi na kitu kingine kilichowatangulia. Kilikuwa kimemwingia yule mama, na kimewaingia wengi, kwa namna ambayo wala hawakuitambua: ile sarafu iliacha kuwa kumbukumbu, ikaacha kuwa pesa, ikageuka tikiti ya bahati nasibu. Hayo ndiyo mabuu ya Kutoka 16. Kitu kikikosa kuliwa na kikikosa kusimuliwa, kinaoza ndani ya mtu, na uvundo wake huitwa tumaini.

Ni vizuri tujue bei za sarafu hutoka wapi, kwa sababu ujinga wa jambo hili unagharimu. Sarafu hupanda thamani kwa wakusanyaji ikiwa ni chache, au ikiwa ni ya madini ghali, na ikiwa haijachakaa. Arobaini ilitolewa kwa matumizi ya kawaida, si ya dhahabu, na kila mtu ameiweka. Kitu ambacho kila nyumba inacho hakiwezi kuwa adimu. Mkusanyaji mwaminifu anaweza kukupa zaidi ya arobaini kwa ile iliyo safi kabisa, na kumuuzia si dhambi. Ila hatakuomba ada. Anayenunua ndiye anayetoa pesa. Hii kanuni uwafundishe wazazi wako leo mezani, uirudie.

Kwa upande mwingine, zipo sarafu za Kenya ambazo hupaswi kumpa mama mboga hata kidogo. Mwaka wa 1966 zilitolewa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kuadhimisha miaka 75 ya kuzaliwa kwa Mzee Kenyatta. Mwaka wa 1973 ikatoka shilingi tano yenye pembe tisa, ya miaka 10 ya uhuru. Kama babu yako alikuwa mtu wa serikali na umeikuta mojawapo ya hizo kwenye mtungi wake, itunze, utafute mtu wa kuaminika kabla ya kuiachilia. Sisi wengine tuna za Kibaki.

Na wale wanaosema wataendelea kungoja, wakumbuke 2019. Tarehe 1 Juni mwaka huo tuliambiwa noti za zamani za Sh1,000 zitakoma kuwa pesa tarehe 30 Septemba. Miezi minne kamili. Matangazo yalisomwa redioni kwa lugha zetu zote, yakatolewa hata kanisani. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 7 hazikuwa zimerudishwa, zenye thamani ya zaidi ya Sh7.3 bilioni. Baadhi zilikuwa za wezi, sawa. Lakini nina hakika nyingine zilikuwa chini ya magodoro ya wazee waliofikiri wana muda, na nyingine zilishonwa ndani ya nguo za marehemu ambao hawakumwambia mtu. Usiku mmoja zikawa karatasi. Siku ya arobaini haijatangazwa, na sitaki kuwatia watu hofu. Nasema tu kwamba pesa haina ahadi ya milele hata kutoka kwa aliyeitoa.

Sasa nifike kanisani, maana najua baadhi yenu mmeshapata jibu kichwani: kama makanga anaikataa na mama mboga anaikataa, nitaitoa sadaka.

Wahazini wa makanisa wanalijua jibu hilo vizuri sana. Mmoja aliwahi kunionyesha bahasha anayoiweka kando kila Jumapili baada ya kuhesabu. Ndani yake mna arobaini za Kibaki, peni zenye tundu, sarafu ya Dubai iliyorudi na mtu aliyekuwa kazini kule Ghuba, na mara moja kifungo cha koti. "Hizi," akasema, "ndizo dunia imezikataa."

Nabii Malaki alikutana na waumini wa aina hiyo. Walikuwa wakileta madhabahuni mnyama kipofu, kilema, mgonjwa. Yule ambaye mnunuzi amempita sokoni bila hata kuuliza bei. Malaki hakuwahubiria kwa kirefu. Aliwaambia wamjaribu mkuu wa wilaya wao kwa zawadi ya namna hiyo, waone atawapokeaje. Jaribu hilo liko karibu nasi kuliko tunavyopenda. Ungempelekea chifu sarafu iliyokataliwa na makanga? Daudi naye, Arauna alipotaka kumpa bure uwanja wa kupuria na ng'ombe wa sadaka, alikataa kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu. Alinunua.

Lakini ngoja. Nisije nikampiga mtu asiyestahili.

Katika Marko 12 yupo mjane aliyeweka sarafu mbili ndogo mno. Wataalamu wa sarafu za kale wengi wanaamini kwamba vipande vile vidogo vya shaba vilivyokuwa mikononi mwa maskini wa Yudea vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vile vilivyogongwa enzi ya mfalme Aleksanda Yanayo, aliyefariki mwaka wa 76 kabla ya Kristo. Hesabu miaka. Yesu anaketi mbele ya sanduku la hazina miaka 100 na zaidi baadaye. Basi yamkini yule mjane alitoa sarafu za mfalme aliyesahauliwa, zilizofutika maandishi, zilizopunguka kwa kushikwa. Sarafu nzee. Na Bwana akawaita wanafunzi wake waje waone.

Kwa hiyo uzee wa sarafu si tatizo, wala udogo wake. Zile mbili za mjane zilikuwa chakula chake cha siku hiyo. Zingemnunulia kitu. Yeye hakuzitoa kwa kuwa zimekataliwa dukani. Alizitoa na duka likabaki bila kuzipata. Ukiitoa arobaini yako huku ukijua ni shilingi arobaini kamili, na ukiwa uko tayari kuikosa, hiyo ni sadaka safi na mhazini asikunje uso. Ukiitoa kwa kuwa umeshindwa kuitupa mahali pengine, unajua mwenyewe. Mimi siwezi kuzitofautisha ndani ya kikapu.

Na wahazini nao, pamoja na sisi wachungaji, tuna neno letu. Katika hekalu la Yerusalemu kodi ya nusu shekeli ilipokelewa kwa sarafu za Tiro tu, kwa kuwa fedha yake ilikuwa safi. Sarafu hizo zilikuwa na sura ya Melkarti, mungu wa watu wa Tiro. Umesoma sawasawa: ndani ya nyumba ya Mungu, sarafu ya mungu wa kigeni ilikubaliwa kwa ubora wa madini, na mwanakijiji aliyekuja na pesa yake ya kawaida alilazimika kuibadilisha mezani na kukatwa ada. Meza hizo ndizo Yesu alizipindua. Sisi tukizitupa arobaini za akina mama kwenye bahasha na kuziacha droo ya ofisi miaka sita kwa sababu kwenda kuzibadilisha ni usumbufu, tumewakata ada iliyo kubwa zaidi. Tumekata yote. Mama alitoa shilingi arobaini, na kazi ya Mungu ikapata sufuri.

Basi nina pendekezo, na nalitoa kwa makanisa yote, makubwa kwa madogo. Jumapili moja, tangazeni wiki mbili mapema. Baada ya ibada, vijana waweke meza nje, wakae na daftari. Wazee walete mikebe. Vijana wazitenganishe sarafu mbele ya mwenyewe, wala wasizibebe kwenda kuzihesabia chumba cha nyuma. Uaminifu uonekane kwa macho. Za Kenya zilizo halali ziandikwe idadi na jumla, mwenye mkebe apewe pesa yake papo hapo kutoka kwenye mfuko wa kanisa, kwa noti au kwa simu. Jumatatu mhazini na mashahidi wawili wazipeleke benki ambako kanisa lina akaunti. Benki ikisitasita kuipokea arobaini, Benki Kuu ina ofisi Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret, na Jumapili ya utoaji wa aina hii inatosha kulipa nauli ya safari moja. Mzee mmoja mmoja hawezi kusafiri kwa ajili ya Sh120. Kanisa linaweza kwa ajili ya wazee 50.

Kila mwenye arobaini aambiwe abakize moja akitaka. Asilazimishwe kutoa chochote sadaka mezani pale. Huo si wakati wake, na mikebe mingine ina historia ambayo hatuijui.

Tulifanya jambo hilo kwetu kwa wazee wachache. Yule mjane alikuja wa mwisho, baada ya watu kupungua. Nane kati ya tisa zikawa Sh320. Hazikufika hata robo ya zile Sh2,000 za chama, lakini alizipeleka huko jioni ile ile, na nimesikia akina mama wale wamelisamehe lililobaki.

Vijana watakaokaa mezani waonywe jambo moja. Watakutana na bibi aliyeleta mkebe mzima wa peni na ndururu zenye tundu, na shilingi za simba za Mfalme Joji, akiamini ni akiba. Zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilikoma kuwa pesa miaka mingi iliyopita na hakuna benki itakayozipokea. Asichekwe, wala sarafu zake zisisukumwe pembeni kana kwamba ni takataka. Aambiwe taratibu, na kijana aketi naye amuulize peni moja ilikuwa ikinunua nini. Kisha azirudishe zote ndani ya mkebe, afunge kifuniko, amkabidhi kwa mikono miwili.